Watu wa Katikati: Malezi ya Vijana Unyanyembe Enzi za Misafara

Malalamiko yanayosikika leo mjini Tabora, kuanzia Mtendeni na Gongoni hadi Ng'ambo na Isevya, ni yale yale ya Dar es Salaam na Nairobi. Baba yuko kazini au barabarani, mama yuko sokoni, kijana wa miaka kumi na mitano yuko tuisheni au kainamia simu, na usiku ukiingia kila mtu kachoka. Baada ya malalamiko hufuata hukumu: zamani familia zilikaa pamoja, wazazi wakasema na watoto wakasikia. Kwa mji huu hasa, hukumu hiyo inapingwa na historia yake yenyewe. Tabora ni mji uliokuzwa na safari. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 nyumba za Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi ulio hapa Tabora, zilikuwa na shughuli nyingi kupita kiasi, watu wake walitawanyika kwa miezi kadhaa kila mwaka, na kijana aliyeanza kuota ndevu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuondoka. Hoja ninayoitetea ni kwamba mzazi wa wakati ule hakuzungumza na kijana wake kuliko mzazi wa leo. Yawezekana hata hakumfikia. Alichokuwa nacho ni watu wa katikati, yaani watu waliosimama baina yake na mwanawe, kila mmoja akiwa na kazi inayojulikana kijijini. Hao ndio tuliowapoteza, nasi tunadhani tumepoteza mazungumzo.

Tuanze na kalenda, kwa kuwa ndiyo iliyopanga maisha ya nyumba. Mvua za Unyamwezi huanza mwishoni mwa mwaka na kukatika mwezi wa nne au wa tano. Muda huo ulikuwa wa jembe. Mavuno yakishaingia ghalani, kiangazi kilikuwa cha barabara: misafara ya pembe za ndovu ilishuka pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walioondoka pwani mwezi Juni 1857 walifika Kaze, katika eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, baada ya siku zaidi ya 130. Misafara ya Wanyamwezi wenyewe ilikwenda mbio kuliko hiyo, lakini hata hivyo mpagazi aliyebeba mzigo wa kilo thelathini au zaidi hakuweza kwenda pwani na kurudi bila kukosekana nyumbani kwa miezi mingi. Wapo wanawake waliofuatana na waume zao njiani. Wengi walibaki na mashamba, wazee na watoto. Habari nazo zilikwenda kwa mguu. Mwandishi wa habari Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871 alikuta kifurushi cha barua za mmisionari Livingstone chenye tarehe 1 Novemba 1870 kingali hapo, ilhali mwenye barua yuko ng'ambo ya mbali huko magharibi. Ikiwa barua zilizotumwa na ofisi ya balozi wa Uingereza huko Unguja zilikwama hivyo, salamu za mpagazi kwa mwanawe zilitegemea kumbukumbu na hisani ya yeyote anayepanda bara. Nyumba ya namna hiyo haikuweza kujengwa juu ya neno la baba la kila siku. Ilibidi malezi yaende baba akiwapo na asipokuwapo.

Hata alipokuwapo, hakukaa mezani na familia yake. Burton ameeleza jinsi kijiji cha Unyamwezi kilivyokuwa na iwanza, nyumba ya mkutano, moja ya wanaume na moja ya wanawake. Wanaume walishinda katika iwanza lao wakivuta tumbaku, wakitengeneza mipini na mishale, wakisikiliza habari za wapita njia. Chakula walikula huko huko, mbali na wake zao. Mvulana aliyeacha kula jikoni kwa mama yake hakuhamia kwa baba yake peke yake. Alihamia kwa wanaume wote wa kijiji, akanawa mikono pamoja nao na kusubiri zamu yake ya kusema, ambayo haikuja mapema. Burton huyo huyo anasema kwamba mvulana wa miaka kumi hivi tayari alichunga mifugo, akalima kijishamba chake cha tumbaku na kujiona mtu wa kujitegemea. Wasichana waliokaribia kuolewa walijenga kibanda chao kando ya nyumba za wazazi wakalala humo pamoja. Kwa macho ya leo, mzazi anayeruhusu hayo ameacha malezi. Lakini kibanda kilikuwa ndani ya kijiji ambamo kila mtu mzima alikuwa na haki ya kuuliza, na msichana alijua kwamba ataulizwa.

Swali basi ni nani aliyesema nini na nani. Kwa Wanyamwezi, kama kwa majirani zao wengi, baba na mwana walitengwa na heshima, ilhali babu na mjukuu waliunganishwa na utani. Baba alitoa amri na kugawa kazi. Mambo ya mapenzi, aibu na hofu hayakupita kwake. Yalipita kwa bibi, ambaye mjukuu aliweza kumwita mke mwenzake au mchumba wake bila kumkosea adabu, na katika mzaha huo huo bibi akasema la kusemwa. Usukumani, kwa ndugu wa karibu wa Wanyamwezi, kuna shikome, moto wa jioni ambapo wazee waliketi na vijana, wakawasimulia, wakawauliza na kuwaonya. Mtu anaweza kuona katika mgawanyo huo ubaridi wa baba. Mimi naona akili ya watu wenye shughuli. Anayeadhibu siye anayesikiliza siri, na kwa sababu hiyo siri husemwa. Kijana aliyegombana na baba yake asubuhi alikuwa na mahali pa kwenda jioni bila kutoka nje ya ukoo, na baba aliweza kupata habari za mwanawe bila kumhoji. Yule mzee aliyezibeba alijua ipi aifikishe na ipi aizike.

Utaratibu huo haukukoma kwenye mpaka wa kijiji. Methali ya pwani inatisha kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Unyamwezini kufunzwa na ulimwengu kulikuwa sehemu ya mpango. Wanyamwezi hawakuwa na jando la kutahiri kama watu wa mwambao, na safari ya pwani ilichukua kwa kiasi kikubwa nafasi hiyo. Burton alishangaa kuona watoto wa miaka sita au saba wakibeba vipembe vidogo mabegani ili wazoee. Alfred Swann wa misheni ya London, aliyeishi bara miaka ya 1880, aliandika kwamba kijana hakuhesabiwa mwanamume wa kuoa kabla hajapeleka pembe pwani na kurudi na mzigo wa nguo au waya. Lakini hakutupwa barabarani peke yake. Msafara uligawanyika katika kambi ndogondogo za watu waliopika chungu kimoja, mara nyingi ndugu au watu wa kijiji kimoja. Mvulana mgeni wa safari hakuanza na pembe kubwa. Alibeba mkeka, kibuyu na sufuria ya mpagazi mzima, akachota maji na kutafuta kuni, akijifunza kufunga mzigo na kutambua sauti ya ngoma ya kuondoka. Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa njia, ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Kwa miezi kadhaa kijana aliishi chini ya sheria za watu wasio wazazi wake lakini wanaomjua mzazi wake, na watakaorudi kijijini kueleza alivyojichukua.

Mtu atasema kwamba hayo ni ya vijiji vya Wanyamwezi, na kwamba nyumba za Waarabu na Waswahili waliofanya makao Tabora zilikuwa na baba mwenye kauli. Kitabu cha maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alichokisema mwenyewe kwa Kiswahili, kinajibu. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mtu mkubwa Unyanyembe, mume wa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Hamed alikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi alipopanda bara kufanya biashara. Baba alitaka kuiweka mali mikononi mwa mtu mzima mwingine, kijana aende chini yake. Kijana alikataa: ama aaminiwe mali, ama arudi. Mwisho baba alimpa mali. Ukaidi wa vijana, kumbe, haukuletwa na simu. Jambo la pili linaipunguza hoja yangu, nami nalikubali: mtu wa katikati hafanyi kazi kwa sababu tu mzazi amemteua. Hamed hakuona kwa mtu yule babu wala kirangozi, aliona msimamizi. Mtu wa katikati lazima kijana naye amkubali, na kijana mwenye uwezo wa kupata mali yake ana sauti ambayo mzazi hawezi kuinyamazisha.

Kuna pingamizi nzito zaidi ya hiyo, kwamba ninausifu ulimwengu mkatili. Barabara iliyowafunza vijana ilipitisha pia watumwa, wengi wao vijana waliotenganishwa na bibi na babu milele. Kwao hapakuwa na mtu wa katikati, palikuwa na bwana tu. Vita navyo vililitafuta rika hilo hilo. Mtemi Mirambo wa Urambo alipokutana na Stanley mwaka 1876 alimweleza kwamba vitani alipendelea vijana kuliko watu wazima wenye wake na watoto wa kuwakumbuka. Rugaruga, yaani askari wake, wengi walikuwa wa umri ambao leo tungewaita wanafunzi wa sekondari. Nayakubali yote hayo, na naona yanathibitisha ninachokisema. Mwenye vita, mwenye biashara na mwenye hila wote walijua kwamba kijana anatafuta mtu mzima asiye baba yake. Jamii ikimweka mtu huyo mapema, kijana ana pa kushika. Isipomweka, nafasi haikai wazi. Atakuja mwingine kuijaza kwa masharti yake. Wapo pia watakaosema Burton ni shahidi mbaya, mtu wa dharau aliyeona upesi na kuhukumu upesi. Ni kweli. Lakini dharau yake iko kwenye hukumu; nani anakula wapi na nani analala wapi ni mambo ambayo hata mtu mwenye dharau huyaona, na hakuwa na faida yoyote ya kuyabuni.

Utaratibu huu haukufa siku moja. Kodi ya nyumba ya Wajerumani, iliyoanza mwaka 1898, iliwalazimisha vijana kutafuta fedha, na reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 upagazi wa masafa marefu ulikwisha. Kijana aliyekwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga aliondoka kama mpagazi wa zamani, lakini nyapara wa shamba hakumjua baba yake na wala hakuwa na habari ya kurudisha. Mwaka 1925 Waingereza walifungua shule ya serikali Tabora, kwanza kwa watoto wa machifu na wateule. Hapo ndipo Julius Nyerere aliposoma kuanzia 1937. Bweni lilikuwa mrithi wa iwanza, likiwa na viranja na walimu walioishi jirani, na kwa wachache waliolipata lilifanya kazi. Shida imekuja shule zilipowafikia wengi. Baada ya mpango wa elimu ya sekondari wa 2004 kuleta shule za kata kila mahali, mabweni hayakuongezeka kwa kasi ile ile, na wanafunzi wanaotoka mbali hupanga vyumba karibu na shule, vinavyoitwa magheto. Geto lina sura ya kile kibanda cha wasichana wa Unyamwezi: vijana wa rika moja, chungu kimoja, mbali kidogo na wazazi. Kinachokosekana ni kijiji kilichokizunguka. Mwenye nyumba anadai kodi, jirani anaona si kazi yake, na bibi yuko kilomita thelathini.

Ndiyo maana sishawishiki na dawa inayopendekezwa kila mahali, kwamba wazazi watenge muda zaidi wa kuzungumza na vijana. Ni shauri jema kwa mwenye muda. Dereva wa lori la Kigoma hana, muuza mchele wa soko kuu hana, na wapagazi wa 1870 hawakuwa nao pia. Wengine hudai kwamba simu imeziba pengo, kwa kuwa baba aliyeko safarini sasa anaweza kumpigia mwanawe kila usiku. Anaweza, na ni neema ambayo mke wa mpagazi angeitamani. Lakini simu humleta baba yule yule, mwenye amri na maswali. Haimleti mtu wa pili ambaye kijana anaweza kumwambia asichoweza kumwambia baba. Familia yenye shughuli nyingi ingefanya vema ijiulize swali lililokuwa na jibu katika kila kijiji cha Unyanyembe: mbali na sisi wazazi, ni mtu mzima gani mwenye ruhusa ya kumuuliza kijana wetu, na yeye anajua kwamba ana ruhusa hiyo? Kama ni shangazi, aambiwe waziwazi na asifokewe siku atakapotunza siri. Kama ni mwalimu au mwenye nyumba wa geto, mzazi amtembelee kabla hajampelekea kodi. Hilo halihitaji kurudisha misafara wala maiwanza. Linahitaji mzazi akubali, kama walivyokubali waliomtangulia, kwamba kijana wake hatamwambia yeye kila kitu, na kwamba kazi yake ni kuhakikisha yupo wa kuambiwa.