Kabla ya Digrii Kulikuwa na Mathree

Wasee, kabla ya ramani yoyote kwa simu, makanga wa 46 alikuwa anajua Kawangware kona kwa kona, na wa namba 8 anajua Kibera. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalum. Toka hapo njia zikaendelea kuongezeka zikifuata abiria, bila kungoja mtu wa chuo.

Karibu miaka 40 baadaye, 2012, Chuo Kikuu cha Nairobi kikaungana na MIT na Columbia za Marekani kwa mradi wa Digital Matatus. Maabara yao? Kiti cha mathree. Wanafunzi walipanda na simu zenye GPS, wakirekodi kila steji. 2014 ramani ikatoka, njia zaidi ya 130. 2015 zikaingia Google Maps.

Mimi niliacha chuo, lakini hesabu za trafiki tunazihitaji. Shida ni kwamba ramani ile inaonyesha gari, na watu wengi wa Kibera huenda kazini kwa miguu. 2018 barabara mpya ilipopitishwa Kibera, watu takriban 30,000 walibomolewa makao. Kwa hivyo, wewe unayesomea barabara zetu, anzia steji. Halafu shuka, utembee.