Kahawa ya Kilimanjaro na Sauti ya Mkulima

Kila bei ya kahawa inapoanguka, husemwa kwamba kilimo cha Kilimanjaro kimefika mwisho. Historia inaonyesha kwamba swali zito zaidi ni nani anayeamua juu ya zao hilo. Mbegu zilipofika na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, Wachagga, wenyeji wa mlima huo, waliiweka kahawa chini ya migomba ya vihamba vyao, yaani mashamba ya familia, penye maji ya mifereji iitwayo mifongo, waliyokuwa wakiichimba na kuitunza kwa zamu tangu kabla ya ukoloni. Walowezi walipotaka Mwafrika azuiwe kuilima, wakulima waliungana mwaka 1925 katika chama cha KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Mwaka 1933 kikafuata KNCU, chama kikuu kilichouza kahawa ya vyama vya msingi vya mlimani. Hata hivyo, wakulima walipolazimishwa kuuza kupitia KNCU peke yake, ghasia zilizuka mwaka 1937. Waliupenda umoja, lakini hawakukubali kuamuliwa na wengine.

Somo hilo lilisahauliwa mwaka 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika. Viliporudishwa katika miaka ya 1980, wanachama walikuwa wamepoteza mazoea ya kuvisimamia. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na soko huria la miaka ya 1990 likawakuta wakulima wametawanyika. Wengi waling'oa mibuni wakapanda ndizi na mboga.

Wapo wanaosema ushirika wenyewe ndio uliowaangusha wakulima, kwa madeni, ubadhirifu na malipo ya kuchelewa. Ni kweli, lakini maovu hayo hustawi pale mwanachama asipohoji hesabu. Wengine husema kihamba, kikigawanywa kizazi baada ya kizazi, kimekuwa kidogo mno kumlisha mtu. Udogo huo ndio sababu ya kuungana: mwenye mibuni michache hawezi peke yake kupata mtambo wa kukoboa, mkopo wa pembejeo wala mnunuzi wa mbali. Kijana hatabaki mlimani kwa kuhubiriwa uzalendo. Atabaki akiona jasho lake linamlipa. Kwa hiyo tusiishie kugawa miche mipya. Vyama vya msingi virudishwe mikononi mwa wakulima, hesabu zisomwe hadharani, na vijana wapewe viti kwenye bodi.