Mtu wa Mbele

Ubishi kuhusu waimbaji wa roki ukianza, jina la Freddie Mercury halichelewi kutajwa, na likitajwa Watanzania hukaa vizuri kwenye viti vyao kama watu waliosikia ukoo wao ukiitwa. Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi. Baada ya hapo ubishi huhamia kwenye sauti: alifika juu kiasi gani, alishuka chini kiasi gani, na kama kweli yale meno ya ziada kinywani mwake yalimsaidia, kama mwenyewe alivyoamini.

Mimi huona ubishi huo unapita kando ya jambo lenyewe. Wenye sauti nzuri ni wengi, na kila msikiti una muadhini anayeweza kukusimamisha njiani. Wanaoweza kusimama mbele ya maelfu ya watu wasiojuana na kuwafanya wapumue pamoja ni wachache. Mwimbaji wa namna hiyo nitamwita mtu wa mbele. Nimekulia Kilwa, mahali ambapo roki haikuwahi kuwa na ukumbi wake, lakini mtu wa mbele si mgeni katika pwani ya Kilwa na Lindi. Ana historia ndefu kwetu, na sehemu ya historia hiyo ina damu.

Tuanze na ngoma, maana ndiko wengi wa wazee wetu walikojifunza kumpima. Ngoma ina manju, yule anayetunga na kuutoa wimbo, na ina waitikiaji. Manju anatoa, duara linapokea. Sauti yake inaweza kuwa imekwaruza kwa tumbaku na umri, na bado akaitwa kutoka vijiji vya mbali. Kinachotazamwa ni kama duara linaitika. Akirefusha mno, watu wanachoka kungoja. Akiwaharakisha, wanaitikia nusu nusu. Manju hodari anajua mahali pa kunyamaza, na ule ukimya wake ndio unaowavuta wenzake waingie. Kwa hiyo kazi yake kubwa ni kuacha nafasi.

Beni ilipoenea mwambao wote kutoka Lamu na Mombasa kuja kusini, Lindi ikiwemo, kanuni hiyo iliingia kwenye gwaride. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare, kwa vyeo vya kujipa vya kifalme na kijeshi, na kwa nyimbo za kurushiana maneno. Ushindi ulijulikana kwa umati: upande uliowavuta watu ndio ulioshinda. Wakoloni waliitazama beni kwa wasiwasi, na sababu inaeleweka. Mtu anayeweza kuwapanga watu mia kwa wimbo anaweza kuwapanga kwa jambo jingine pia.

Beni na vyama vyake vilisaidia kuandaa njia ya muziki wa dansi. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, na hadi kufikia uhuru jiji lilikuwa na bendi ambazo majina yake yalisomeka kama ramani ya nchi: Western Jazz ya watu wa Tabora, Ulanga Jazz, Rufiji Jazz, na Kilwa Jazz iliyoongozwa na Ahmed Kipande. Neno jazz lisikudanganye. Muziki wenyewe ulikuwa na rumba ya Kuba, magitaa ya Kongo na ngoma za nyumbani ndani yake.

Kilwa Jazz inanigusa kwa sababu ya jina. Kijana wa kusini aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi alikuwa amekwenda mbali kweli. Barabara ilikatwa na mto Rufiji, na masika yakikolea kusini kulikuwa kama kisiwa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Kabla yake ilikuwa kungoja kivuko. Kijana huyo alifika Kariakoo au Ilala na kukuta ukumbi ambao jina la kwao lilitangazwa kwa sauti kubwa Jumamosi usiku, na baadaye likasikika kwenye redio ya taifa. Anayesimama mbele ya bendi kama hiyo anabeba mzigo wa ziada. Anawaimbia watu wanaotaka kujua kama bado wapo.

Dansi letu pia lilikuwa na namna yake ya kumweka mtu wa mbele. Roki ya Uingereza na Marekani ilizoea kumweka mmoja, taa zote zikimwangukia. Sisi tulikuwa na safu ya mbele, waimbaji wawili, watatu, wakati mwingine wanne, wakipokezana. Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka walipoimba pamoja, NUTA Jazz na baadaye Mlimani Park kuanzia mwaka 1978, Gurumo alitoa sauti nzito ya mtu mzima anayeonya, na Bitchuka akaja juu yake kwa sauti nyembamba inayolalamika. Ukiwatenganisha unapata waimbaji wawili wazuri. Ukiwaunganisha unapata mazungumzo, na msikilizaji anajikuta ndani yake kama mtu wa tatu. Kisha wimbo unafika kwenye chemko, maneno yanapungua, magitaa yanashika usukani, na waimbaji wanarudi nyuma kidogo kuwapisha wachezaji. Mtu wa mbele wa dansi anajua saa ya kuondoka mbele.

Sasa mrudie Freddie Mercury na uitazame Live Aid, Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985. Queen walipewa kama dakika ishirini, jioni, mbele ya watu wapatao 72,000 ambao wengi hawakuja kwa ajili yao. Watu husimulia sauti yake siku ile. Mimi namtazama anapoacha kuimba nyimbo na kuanza kuurushia umati milio mitupu, bila neno lolote. Anatoa mlio, ananyamaza, uwanja unaurudisha. Anatoa mrefu zaidi, mgumu zaidi, kisha anangoja. Hicho ndicho mzee yeyote wa Kilwa angekitambua mara moja: manju na waitikiaji wake, ila duara ni uwanja wa mpira. Sidai kwamba alikipata Unguja. Alisoma bweni India tangu utotoni, na familia yake iliondoka Zanzibar mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, naye akiwa na miaka kumi na saba. Ninachosema ni kwamba kile ambacho dunia ilikiita muujiza wa mtu mmoja ni kazi ya zamani sana, na nusu ya kazi hiyo ilifanywa na waitikiaji.

Lakini umati ukiitika, umekukabidhi kitu. Hapo ndipo swali la mtu wa mbele linapotoka kwenye ufundi na kuwa zito.

Miezi tisa kabla ya Wembley, Oktoba 1984, Queen hiyo hiyo ilikwenda kupiga Sun City, mji wa starehe uliojengwa Bophuthatswana, moja ya nchi bandia za makaburu. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii waisusie Afrika Kusini. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Bendi ilijitetea kwamba wao hawakuwa watu wa siasa.

Tanzania wakati huo iliitwa nchi ya mstari wa mbele, na mkoani Lindi maneno hayo yalikuwa na anwani. Nachingwea, mji uliokuzwa na mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, ulikuwa na kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO. Hapo alifanya kazi Samora Machel, na kama kuna kiongozi wa Afrika aliyekuwa na kipaji cha mtu wa mbele, ni yeye. Alikuwa na desturi ya kuanza mkutano kwa wimbo, akakatiza hotuba yake mwenyewe ili aimbishe tena, akaurushia umati neno na kungoja lirudi. Mei 1975 alivuka Rovuma na kuanza safari ya mwezi mzima hadi Maputo, mkutano baada ya mkutano, hadi uhuru wa tarehe 25 Juni. Walioitikia nyimbo zake walijua anawapeleka wapi. Kipaji ni kile kile cha Wembley. Tofauti ni kwamba Samora alikubali kuulizwa swali ambalo Queen walilikwepa: unaimba upande wa nani?

Simtaji Freddie ili kumshusha. Namtaja kwa sababu tunapenda kujivunia kuzaliwa kwake na kuruka habari ya Sun City, wakati watu wa kusini walikuwa wakiishi jirani na vita hivyo hivyo.

Kuna mtu wa mbele mwingine ambaye pwani yetu haiwezi kumkwepa. Mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alianza kuwavuta watu kutoka kando ya Rufiji na milima ya Umatumbi. Ilisemwa alizama majini na kutoka akiwa mkavu, akiwa na pepo Hongo. Hakuwa na jukwaa. Habari yake ilienda kwa kunong'onezana, sikio hadi sikio, na watu waliosagwa na kodi na mashamba ya pamba ya Wajerumani wakamiminika kwake kuchukua maji ya kuzigeuza risasi. Makabila ambayo hayakuwahi kusimama pamoja yaliitikia neno moja. Julai 1905, Nandete, watu waling'oa pamba. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro.

Vita havikufa naye. Viliendelea hadi 1907 na kuenea karibu kusini yote, na kwa makadirio mbalimbali, vita na njaa vilichukua watu kati ya 75,000 na 300,000. Manju alikuwa ameshaondoka, na waitikiaji wakaendelea na wimbo.

Lindi ndiyo iliyozaa waandishi wa kulitafakari jambo hili. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi wa vita hivyo. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Lindi mwaka 1943, aliandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa 1969, na ndani yake akamfanya Kinjeketile mtu anayeogopa kile alichokizaa. Neno limemkua, na hana tena uwezo wa kuliita lirudi. Sijasoma maelezo bora zaidi ya hali ya kusimama mbele ya umati, na ndani yake hamna gitaa hata moja.

Ndiyo maana nikiulizwa nini kinamfanya mwimbaji wa jukwaani kuwa mkubwa, siwezi kuishia kwenye oktavu. Namtazama kwanza kama anasikiliza, kwa sababu asiyesikiliza hajui anyamaze lini. Kisha natazama kama anaweza kuachia nafasi yake kwa wenzake, kama Gurumo alivyomwachia Bitchuka. Mwisho nauliza waitikiaji wanapelekwa wapi, na kama yeye atakuwa nao huko. Ahmed Kipande na wenzake waliwapeleka vijana wa kusini mahali padogo tu: ndani ya ukumbi wa dansi wenye jina la kwao, kwa saa chache, na asubuhi kila mmoja akarudi kazini akiwa mzima. Katika pwani iliyowahi kuitikia na kufa kwa maelfu, kuwaimbisha watu na kuwarudisha nyumbani salama si kazi ya kubezwa.