Uhindi ilipokosa nikeli

Sisi tunaokaa karibu na migodi ya Katanga tumezoea kuhesabu utajiri wa nchi kwa madini yake. Shaba tunayo, kobalti tunayo, zinki ilitoka Kipushi, bati ilitoka Manono. Ni mara chache tunapojiuliza: nchi isiyo na vitu hivi hufanyaje? Maana nayo yataka nyaya za umeme, masufuria, mashine, hata sarafu ndogo za kununulia chumvi. Je, itakaa na kungoja? Itanunua kwa wengine mpaka mfuko wake utoke tupu? Wasomaji wapenzi, leo tuitazame nchi moja iliyopatwa na shida hiyo, nayo ni Uhindi. Mtaona kwamba habari hii haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa.

Uhindi ilipata uhuru tarehe 15 Agosti 1947. Hesabu ya watu ya mwaka 1951 ilionyesha watu karibu milioni 361. Msidhani kwamba nchi hiyo ilikuwa maskini wa kila madini. Mawe ya chuma yalikuwa tele, na katika mji wa Jamshedpur matanuru ya kampuni ya Tata yalikuwa yakitoa chuma cha pua tangu 1912. Makaa ya mawe yalikuwapo. Manganizi ilichimbwa Balaghat, kromu ilionekana Sukinda katika Odisha, na boksiti, yaani ule udongo mwekundu unaotoa alumini, ilienea mahali pengi. Lakini kobalti hawakuichimba, bati karibu hakuna, na shaba ya Ghatsila haikutosha hata kidogo. Kwa habari ya nikeli, yote ilinunuliwa ng'ambo. Tena jambo la kuchekesha: udongo ulio juu ya kromu ya Sukinda una nikeli ndani yake, lakini kidogo kidogo, imetawanyika kama chumvi katika uji. Wataalamu waliihangaikia miaka mingi wasipate njia ya kuitoa kwa faida.

Kazi ya kutafuta madini ya badala haikuanza na uhuru. Tangu zamani Wahindi walipika na kula katika vyombo vya shaba nyekundu na shaba ya njano. Chombo cha shaba ni kizuri, lakini ni kizito, kina bei, na lazima kipakwe bati ndani mara kwa mara, la sivyo chakula kichachu hula shaba na kumdhuru mlaji. Mwaka 1898 Mwingereza mmoja, Alfred Chatterton, aliyesimamia shule ya ufundi ya Madras, aliwafundisha mafundi wa vyombo kufua alumini. Kazi ikashika upesi. Sufuria ya alumini ni nyepesi, nayo haihitaji bati. Lakini alumini yenyewe ilitoka Ulaya na Amerika! Walibadilisha madini, hawakubadilisha utegemezi. Alumini ya kwanza kuyeyushwa katika Uhindi yenyewe ilitoka Alupuram, upande wa kusini, mwaka 1943.

Vita ya pili ya dunia iliwafundisha kwa ukali zaidi. Meli zilizamishwa baharini, na fedha ya kufulia sarafu ikawa haba. Mwaka 1940 rupia, iliyokuwa na fedha karibu tupu, ilipunguzwa ikabaki na fedha nusu tu. Mwaka 1947 fedha ikaondolewa kabisa, rupia ikafuliwa kwa nikeli. Hapo tunashindwa kujizuia kutabasamu: waliiacha fedha, wakaishika nikeli, ambayo nayo hawakuwa nayo.

Basi wakuu wa nchi walitambua kwamba mambo haya hayawezi kuachwa yajiendee. Tarehe 26 Novemba 1950 waziri mkuu Nehru alifungua huko Jamshedpur maabara ya taifa ya madini. Mahali palichaguliwa vema, kwani moshi wa matanuru ya Tata ulionekana kutoka madirishani. Miaka michache baadaye shida yenyewe ilifika. Mpango wa pili wa miaka mitano ulianza 1956, viwanda vikaagiza mashine nyingi kutoka nje, na kufika 1957 na 1958 fedha za kigeni zilikuwa zikiisha. Tangu hapo mwenye kiwanda aliyetaka nikeli au shaba alipaswa kuomba kibali cha serikali, na kibali kilikawia. Vita ya 1962 na China, halafu ya 1965 na Pakistan, zilizidisha taabu. Tarehe 6 Juni 1966 rupia ilishushwa thamani: dola moja iliyouzwa kwa rupia 4.76 ikawa rupia 7.50. Siku ile kila kilo ya nikeli ilipanda bei kwa zaidi ya nusu, hali mgodi haukubadilika wala meli haikubadilika.

Wataalamu wa Jamshedpur, chini ya mkurugenzi wao B. R. Nijhawan, walianza na swali ambalo tunaliona kuwa la akili sana. Hawakuuliza, "Tupate wapi nikeli?" Waliuliza, "Nikeli hufanya kazi gani ndani ya chuma?"

Tueleze kidogo. Chuma kisichoshika kutu, kile cheupe cha vijiko na vya mahospitali, ni aloi, maana yake madini kadhaa yaliyoyeyushwa pamoja. Aina yake iliyo maarufu ina kromu sehemu 18 na nikeli sehemu 8 katika kila 100. Zilizobaki ni chuma, karibu zote. Wengi hudhani nikeli ndiyo inayozuia kutu. Sivyo. Kromu ndiyo inayozuia kutu, kwa kuwa inafanya ngozi nyembamba sana juu ya chuma, nayo ikikwaruzwa hujiponya yenyewe. Nikeli ina kazi nyingine. Chuma kikiwa cha moto sana, chembe zake hujipanga kwa namna moja. Kikipoa, hujipanga upya kwa namna nyingine. Ile namna ya kwanza ni laini na haivunjiki ovyo, yafaa kukandamizwa iwe sufuria. Nikeli huishikilia namna hiyo hata chuma kikiwa kimepoa.

Kumbe kazi ya kushikilia yaweza kufanywa na mwingine! Manganizi hufanya hivyo pia, ingawa nguvu yake ni kama nusu ya nikeli. Na Uhindi ilikuwa na manganizi ya kuuza dunia nzima. Lakini kromu ikiwa nyingi, manganizi peke yake hushindwa. Ndipo wataalamu walipomwita msaidizi wa tatu, nitrojeni, ile hewa inayojaza sehemu kubwa ya upepo tunaovuta. Nitrojeni kidogo tu, hata nusu ya sehemu moja katika 100, ina nguvu kubwa mno. Taabu yake ni kwamba chuma kinapoganda huitoa, nayo ikitoka hufanya mapovu, na chuma hujaa matundu kama mkate. Lazima kipimo kiwe sawa kabisa. Hawakuwa wa kwanza kuwaza hivyo: Wajerumani walijaribu njia hiyo kabla yao, na Wamarekani waliifuata walipopungukiwa na nikeli wakati wa vita ya Korea. Lakini Wahindi walitaka kuondoa nikeli yote, na kutumia kromu na manganizi ya udongo wao. Walifaulu. Katika miaka ya 1950 na 1960 chuma chao cha kromu, manganizi na nitrojeni kilitoka katika matanuru ya majaribio, kikafuliwa, kikawa vyombo.

Je, kilikuwa sawa na kile cha nikeli? Hapana, na afadhali tuseme wazi. Ni kigumu zaidi, na kila kinapokandamizwa huzidi ugumu, hata mashine za kufinya masufuria marefu huchakaa mapema. Katika chumvi nyingi au asidi kali hushindwa mbele ya kile cha nikeli. Kwa sahani, vikombe na vijiko chafaa vizuri. Kwa mabomba ya kiwanda cha asidi hakifai. Hapa ndipo tunapoona faida kubwa ya kazi ile kuliko hata aloi yenyewe: walijifunza kupanga kazi kwa daraja. Nikeli chache waliyoweza kununua iende mahali ambapo pasipo nikeli mtu atakufa au kiwanda kitaharibika. Sufuria ya wali haihitaji heshima hiyo.

Wenye viwanda hawakukimbilia aloi mpya mara moja. Mwenye tanuru huogopa kuharibu mali yake kwa ajili ya karatasi ya wataalamu. Lakini baadaye viwanda vya Uhindi viliishika sana njia ya manganizi, vikaacha nikeli kidogo tu ndani, na nchi hiyo ikajulikana duniani kwa chuma cha namna hiyo. Wauzaji wasio waaminifu nao wakapata mwanya. Watu walizoea kupima chuma kizuri kwa sumaku: isiposhika, husema ni kizuri. Lakini chuma cha manganizi nacho hakishikwi na sumaku. Basi mnunuzi hulipa bei ya nikeli akachukua manganizi, na akina mama wa Lubumbashi wanaopima sufuria sokoni kwa sumaku wajue hivyo.

Habari ya nyaya za umeme ni fupi zaidi. Alumini hupitisha umeme kama sehemu 61 mahali ambapo shaba hupitisha 100, lakini ni nyepesi zaidi ya mara tatu. Ukitaka kupeleka umeme ule ule, waya wa alumini utakuwa mnene zaidi, lakini uzito wake ni nusu tu. Serikali ikaelekeza nchi nzima huko. Kiwanda cha alumini cha Hirakud kilianza 1959 kando ya bwawa la umeme, na cha Renukoot 1962. Tani moja ya alumini hula umeme mwingi, kama kilowati-saa 15,000. Kwa hiyo walikula umeme mwingi ili wapate nyaya za kuupeleka. Juu ya nguzo, nyaya hizo zilifaa kabisa. Ndani ya nyumba zilileta mashaka. Alumini ni laini. Ikibanwa na parafujo hujisogeza polepole, kiungo hulegea, hupata joto, na nyumba zaweza kuungua. Uhindi ilipofungua milango ya biashara baada ya 1991, shaba ilirudi katika nyumba nyingi.

Na sarafu? Senti mpya ya Uhindi, iliyotolewa tarehe 1 Aprili 1957, ilifuliwa kwa shaba na bati. Kufika 1965 ilikuwa alumini tupu, nyepesi hata ikaelea juu ya maji ikiwekwa kwa uangalifu. Tangu 1988 sarafu nyingine zilifuliwa kwa chuma chenye kromu sehemu 17 bila nikeli. Tusiwacheke. Hapa kwetu, katika nchi ya shaba, sengi 10 na likuta 1 za mwaka 1967 zilikuwa za alumini pia.

Sasa turudi nyumbani, kwa maana sisi tuko upande wa pili wa habari hii. Sisi ndio wauzaji, na mnunuzi anayekosa hatulii. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji waliingia Kolwezi. Watu wengi waliuawa, migodi ikasimama kwa muda, na wenye viwanda wa ng'ambo wakashikwa na hofu, kwani sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka hapo. Bei rasmi ya ratili moja, iliyokuwa chini ya dola 7 mwanzoni mwa mwaka ule, ilifika dola 25 mwaka 1979. Wakati ule sumaku za vipaza sauti zilikuwa na kobalti nyingi. Upesi watengenezaji walihamia sumaku za namna ya vigae, zilizofanywa kwa kutu ya chuma. Na mwaka 1983 Wajapani na Wamarekani, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza sumaku mpya ya neodimi, chuma na boroni, yenye nguvu kupita zote, isiyohitaji kobalti. Migodi ya Kolwezi ilifunguliwa tena, lakini soko la vipaza sauti halikurudi.

Siku hizi kobalti yaenda katika betri, na Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili za kobalti inayochimbwa duniani. Mwezi wa Februari 2025 serikali ilisimamisha kuipeleka nje ili bei ipande, na Oktoba ikaweka kipimo kwa kila kampuni. Bei ilipanda kweli. Lakini mwaka 2024 karibu nusu ya betri za magari ya umeme duniani zilikuwa tayari za chuma na fosfati, bila kobalti hata chembe, na nyingi mno kati yake zilitengenezwa China. Shaba bado imo ndani yake, karatasi nyembamba upande mmoja wa kila betri. Wangependa kuweka alumini hapo pia, kwa kuwa ni rahisi. Upande ule mwingine wameiweka tayari. Lakini upande wa shaba alumini haidumu, kwa sababu litiamu huingia ndani yake na kuila.