NGOMA YA NDAGARA – Sehemu ya Pili

ILIPOISHIA JUMAMOSI ILIYOPITA: Ndagara, Omukama (mfalme) wa Karagwe, amefariki. Mwili wake umeshonwa katika ngozi ya ng'ombe, ukaelea mtumbwini ziwani siku tatu, kisha ukapandishwa kilimani. Wanawe watatu, Rumanyika, Nnanaji na Rogero, wameitwa Bweranyange. Kijana wa Mabira anayembebea Rogero mikuki anawasikia wazee wakisema, "Leteni ngoma."

SASA ENDELEA...

Ngoma yenyewe ilikuwa ndogo, mtoto angeweza kuipakata. Wakaiweka chini katikati ya ua: atakayeiinua ndiye atakayetawala.

Nnanaji akatangulia. Akainama, akavuta, mishipa ikamtoka shingoni. Ngoma haikusogea.

Akaja Rogero. Kijana wa Mabira akatabasamu, kwa maana tangu aanze kumfuata bwana huyu hajaona kitu kilichomshinda. Rogero akaikumbatia kwa mikono miwili. Jasho likamdondoka juu ya ngozi ya ngoma, tone, tone, na kila tone likasikika, maana ua wote ulinyamaza. Ngoma ilikuwa kama imeota mizizi.

Rumanyika akakaribia taratibu. Akanyoosha kidole kimoja, kile kidogo cha mwisho, akainyanyua ngoma kama anayeokota unyoya.

Vigelegele vikapasua anga. Wazee wakapiga magoti: "Waitu! Waitu!"

Rogero peke yake alibaki amesimama.

"Wazee wangu," alisema, "ngoma inaijua dawa mliyoitia. Siku niliyozaliwa haiijui. Hawa wawili walizaliwa baba hajatawala. Mimi nilizaliwa baba akiwa Omukama. Mtoto wa enzi ni nani hapa?"

"Mdogo wangu," Rumanyika alijibu kwa upole, "keti tunywe maziwa. Ng'ombe wa baba wanatutosha sote."

"Nikanywe maziwa ya mgeni katika ua wa baba yangu?"

Akageuka. Kijana akakusanya mikuki, akamfuata. Langoni mzee mmoja akamshika mkono, akamnong'oneza: "Mwanangu, mwenye mkuki atashinda vita. Lakini watu watalala kwa nani, kama si kwa mwenye ngoma?"

Vita vikawaka. Vilipasua Karagwe kama shoka lipasuavyo gogo: koo zikagawanyika, mashemeji wakakimbiana. Huko Mabira, katika nyumba moja yenye migomba mlangoni, mama alikuwa na wana wawili. Mdogo alibeba mikuki ya Rogero. Mkubwa, aliyemfundisha mdogo wake kuchunga na kurusha mkuki, alikwenda kwa Rumanyika. Mama aliwapikia wote wawili usiku wa mwisho, ndizi za chungu kimoja. Hakusema neno. Angemwombea nani ushindi?

Rogero alizaliwa kwa ajili ya vita. Alipiga alfajiri, akatoweka kabla ya jua kukausha umande, na kila mwezi ulioandama wafuasi wake waliongezeka.

Ndipo Rumanyika alipotazama kusini, kwenye njia ya misafara iendayo Kazeh, Unyanyembe. Huko alikuwako Musa Mzuri, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, mwenye watu na mwenye bunduki. Ugomvi wa watoto wa baba mmoja ukafunguliwa mlango, mgeni akakaribishwa ndani.

Alfajiri moja kijana alisikia ngurumo. Akatazama juu: hapakuwa na wingu. Mwenzake aliyesimama kando yake akakaa chini polepole, kama mtu aliyechoka, akalala. Kijana akamgeuza, akatafuta mshale. Hakuuona. Aliona tundu dogo kifuani, na damu.

Ngurumo ya pili. Ya tatu. Mashujaa ambao hawajawahi kukimbia mkuki wakaanza kukimbia moshi.

"Simameni!" Rogero alipaza sauti. "Simameni!"

Moshi ukapeperuka kidogo. Watu wenye bunduki walikuwa wakipanda mteremko, na mbele yao alitembea mtu mmoja asiye na bunduki, akiwaongoza. Kijana akaujua mwendo ule kabla hajauona uso. Alikuwa ameufuata tangu utotoni, nyuma ya ng'ombe, kwenye vilima vya Mabira.

Kaka yake akainua mkono, akanyoosha kidole mahali aliposimama Rogero. Bunduki tatu zikageukia huko.

"Nipe mkuki," Rogero alisema, mkono wake umenyooshwa nyuma, macho kwa yule mwongoza njia. "Haraka!"

Mkuki ulikuwa umebaki mmoja. Kijana akaushika kwa nguvu zake zote, wala hakuuachia.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO