Sauti za Bonde la Ufa katika Chombo cha Angani: Kigikuyu, Kikalenjin na Wapenzi wa Filamu wa Molo

Wanaisimu wa vyuo vyetu wamezoea kuitafuta historia ya lugha za Afrika ya Mashariki katika kamusi za wamisionari, katika tenzi na katika majalada ya serikali. Ni nadra kwao kuitafuta katika filamu, na ni nadra zaidi kuitafuta katika filamu za hadithi za kubuni za kisayansi, ambazo wengi huziona kuwa ni michezo ya watoto. Makala haya yanakusudia kuchunguza tukio moja dogo katika historia hiyo: kusikika kwa lugha mbili za Kenya, Kigikuyu na Kikalenjin, kinywani mwa kiumbe wa sayari nyingine katika filamu ya Return of the Jedi iliyotolewa mwaka 1983, na namna wapenzi wa filamu walivyolijadili tukio hilo baada ya filamu yenyewe kuingia majumbani kwa njia ya kanda. Mahali tulipopachagua kupaangalia ni Molo, kwa sababu itakayodhihirika.

Kwanza na tuseme filamu ina nini. Karibu na mwisho wake, majeshi ya waasi yanaishambulia ngome kubwa ya adui inayoelea angani. Chombo kinachoongoza mashambulizi kinaendeshwa na Lando Calrissian, na kando yake ameketi rubani msaidizi aitwaye Nien Nunb, kiumbe mwenye macho makubwa meusi na mashavu yaliyoning'inia. Lando husema Kiingereza. Nien Nunb hujibu kwa lugha yake, na Lando humwelewa bila taabu. Mtazamaji hapewi tafsiri yoyote iliyoandikwa chini ya picha. Hutakiwa akisie maana kutokana na majibu ya Lando na sauti ya hofu au ya furaha. Sauti ile ilikuwa ya Kipsang Rotich, mwanafunzi kutoka Kenya, aliyeletewa kazi hiyo na Ben Burtt, msanifu wa sauti wa filamu hizo. Rotich alisema Kikalenjin na Kigikuyu. Mwaka 2015, katika The Force Awakens, kiumbe yule yule alipoonekana tena, sauti ilikuwa bado ni yake.

Yafaa tumtendee haki Burtt. Mtu aliyepewa kazi ya kubuni lugha kumi kwa ajili ya filamu moja hukabiliwa na tatizo ambalo kila mwalimu wa fonolojia analijua: ni vigumu sana kubuni mfululizo wa sauti ambao hautasikika kama upuuzi. Mtu akijibunia silabi ovyo, baada ya sentensi tatu hujirudia, tena hujirudia kwa mpangilio wa lugha ya mama yake. Lugha hai, kwa upande mwingine, ina mdundo, ina kanuni za kuunda silabi, ina toni na kiimbo vilivyokomazwa na vizazi vingi. Kwa hiyo Burtt alikwenda kwenye lugha hai. Kwa wale viumbe wadogo waokotao vyuma jangwani katika filamu ya kwanza ya mwaka 1977 alianzia Kizulu akakigeuza kwa mitambo. Kwa Greedo sauti ilitokana na Kiquechua cha Amerika ya Kusini. Kwa Ewok alichukua mambo kutoka Kikalmuk na Kitibeti. Lakini tusisahau pia kuwa katika ghala lile lile la sauti mlikuwamo miungurumo ya dubu na ya wanyama wengine, iliyotumiwa kuunda sauti ya Chewbacca. Lugha za watu na sauti za wanyama ziliwekwa rafu moja, zikachaguliwa kwa kipimo kimoja, yaani namna zitakavyogonga sikio la mtu asiyezijua.

Hapo ndipo penye suala la kweli. Mbinu hii hufanya kazi kwa sharti moja tu: kwamba mtazamaji haelewi. Filamu kwa hiyo iliwagawa wanadamu makundi mawili bila kukusudia. Wengi walisikia kelele za kupendeza, na wachache wakasikia maneno. Wasemaji wa Kigikuyu wameitambua mojawapo ya kauli za Nien Nunb kuwa ni wito wa kawaida kabisa, wa mtu anayewaita wote waliosimama kule waje hapa. Ni kauli ambayo mama wa Molo huitumia jioni kuwaita watoto waliotawanyika shambani. Haihusiani hata kidogo na vita vya angani vinavyoendelea, na katika kutohusiana huko ndimo ucheshi ulimo kwa anayeielewa.

Jambo jingine linalopaswa kutushughulisha sisi wanaisimu ni utambulisho wa lugha yenyewe. Katika maandishi ya wapenzi wa filamu lugha hiyo imeitwa mara Kigikuyu, mara Kikalenjin, na mara nyingine imeitwa hata Kihaya. Sasa Kihaya na Kigikuyu ni lugha za Kibantu, ingawa ziko mbali, na mtu anaweza kusamehewa akiyachanganya majina yake. Lakini Kikalenjin ni lugha ya Kiniloti cha Kusini, haina ngeli za Kibantu, na irabu zake hupatana kwa kanuni isiyofanana na ya Kigikuyu. Kuziita lugha hizi mbili kwa jina moja ni sawa na kuziita Kiarabu na Kiingereza lugha moja kwa kuwa zote husemwa mjini London. Kosa hili halikufanywa kwa ubaya. Linaonyesha tu kwamba kwa mtumiaji wa sauti, mpaka kati ya familia mbili za lugha haukuwa na uzito wowote.

Katika jumba la sinema kauli ya Nien Nunb hupita kama umeme. Mtazamaji wa Kikuyu angeweza kugutuka, akamgeukia jirani yake, na kabla hajauliza neno, mandhari yamekwisha badilika. Kilicholeta mjadala ni kanda. Return of the Jedi ilitolewa katika kanda za video za kutazamwa nyumbani mwaka 1986 huko Marekani, na katika miaka iliyofuata nakala za nakala, zenye picha iliyofifia na sauti yenye mkwaruzo, zilikuwa zikizunguka kote duniani, Kenya ikiwamo. Kisha kanda ikafuatwa na sahani za DVD, ambazo hapa kwetu mara nyingi ziliuzwa sahani moja ikiwa na filamu nyingi, na sasa kijana hupeleka kijiti chake cha kuhifadhia dukani akawekewa filamu atakazo kwa shilingi chache. Vyombo hivi vyote vina tabia moja ambayo jumba la sinema halina: huweza kurudisha nyuma. Mwenye rimoti akawa mtafiti. Aliweza kuisikiliza kauli moja mara ishirini, kuibishania, kumwita mtu anayejua zaidi. Nathubutu kusema kuwa huu ulikuwa unukuzi wa lugha uliofanywa na watu wasiojua kuwa wananukuu.

Molo, mji ulio kwenye nyanda za juu zinazopanda kuelekea Mau, kwenye njia ya reli itokayo Nakuru kwenda Kisumu, ni mahali pa baridi, pa viazi, pareto na kondoo. Wakati wa ukoloni ilikuwa katika ardhi iliyotengwa kwa walowezi. Baada ya uhuru mashamba mengi yaligawanywa au kununuliwa, na wakaaji wa leo ni wa makabila mengi, Wakikuyu na Wakalenjin wakiwa miongoni mwa wengi zaidi. Mwaka 1992 eneo hili lilikumbwa na mapigano ambayo baadaye yalichunguzwa na Tume ya Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yakazuka tena kwa ukali mkubwa zaidi. Tume ya Waki, katika taarifa yake ya mwaka 2008, ilizitaja redio zinazotangaza kwa lugha za kienyeji miongoni mwa vyombo vilivyochochea chuki. Katika siku za namna hiyo lugha huacha kuwa chombo cha mawasiliano ikawa alama ya kumtambulia mtu. Neno moja la salamu lililotamkwa kwa lafudhi fulani lingeweza kumponza aliyelitamka.

Ndipo twaona uzito wa lile jambo dogo la filamu. Lugha hizi mbili, ambazo wasemaji wake walitenganishwa kwa moto huko Molo, zilikuwa zimewekwa mapema, mwaka 1983, kinywani mwa kiumbe mmoja, naye hazitofautishi.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kukaa jioni moja mjini Molo na vijana waliokuwa wakiitazama filamu hiyo kwenye kompyuta ndogo, katika duka la kuuzia filamu. Walikuwa wameanza na The Clone Wars, filamu ya vibonzo ya mwaka 2008 inayotokana na hadithi zile zile, na ubishi wao wa kwanza ulikuwa kama vibonzo vinastahili kuhesabiwa pamoja na filamu zenye waigizaji. Mmoja alishikilia kuwa katika kibonzo hakuna mtu, kuna sauti tu, kwa hiyo sauti ndiyo mwigizaji. Hoja hiyo, ambayo ningefurahi kuipata katika insha ya mwanafunzi wangu, ndiyo iliyowapeleka kwa Nien Nunb, ambaye naye ni kinyago kilichopewa sauti. Kauli zikarudishwa nyuma mara nyingi. Wale wanaosema Kigikuyu walicheka wakakitambua chao, wakasema lafudhi si ya Mkikuyu. Ilipofika sehemu wasiyoielewa, walimgeukia mwenzao Mkalenjin, naye akaiomba irudiwe, akasikiliza, akaitolea maana kwa Kiswahili. Mmoja alipouliza kwa nini Mkalenjin yule aliyesema ndani ya filamu alijua Kigikuyu, palikuwa na kimya kifupi. Jibu lilikuwa kwamba zamani kila mtu alijua. Sikuuliza hiyo zamani ni ya lini, wala mwaka 1992 haukutajwa.

Yafaa kutambua kuwa mjadala wote uliendeshwa kwa Kiswahili, cha mtaani kweli kweli, chenye Sheng tele. Na hapa Kiswahili chenyewe kina historia tofauti katika filamu za aina hii. Hakikuchukuliwa kwa sauti yake, bali kwa maana yake. Mwanaanga Uhura wa Star Trek, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1966, jina lake lilitokana na neno uhuru, na tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti iitwayo Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco katika pwani ya Kenya karibu na Malindi. Katika filamu ya vibonzo ya The Lion King ya mwaka 1994 majina kama Simba, Rafiki na Shenzi yaliwekwa kwa kufuata maana zake, hata kama heshima ya maana hizo haikuwa sawa kwa wote. Mafanikio haya yamekuwa na gharama yake: maneno hakuna matata yalisajiliwa na kampuni ya Disney kuwa alama yake ya biashara huko Marekani, na mwaka 2018 jambo hilo liliamsha malalamiko makubwa ya umma. Sijui kama Kigikuyu kilichotumiwa bila kutajwa jina hakikupata bahati zaidi kuliko Kiswahili kilichotajwa kikasajiliwa.

Kuna kinaya kingine ambacho sijaona kikitajwa. Sanaa ya kufasiri filamu kwa mdomo, ambayo Lufufu aliisifika nayo Tanzania na DJ Afro anasifika nayo Kenya, hufanya kazi kwa kuweka sauti ya msimulizi juu ya sauti za filamu. Baadhi ya wenzetu huidharau. Mimi naiona kuwa ni tawi halali la fasihi simulizi, na msimulizi hodari huwajua watazamaji wake kama manju ajuavyo ngoma. Lakini filamu kama hii ikisimuliwa kwa Kiswahili cha namna hiyo, jambo la kwanza litakalofunikwa ni ile sauti ya Kigikuyu na Kikalenjin. Watazamaji wa Molo wataelewa kila kitu isipokuwa kile ambacho wao peke yao duniani wangeweza kukielewa bila msaada.

Wapo watakaosema kuwa hadithi za angani ni mgeni katika fasihi yetu. Hawajakisoma vema Kusadikika cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, nchi inayoelea hewani, wala Walenisi ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa hutiwa katika chombo cha angani kikamfikisha ulimwengu mwingine. Kinachokosekana kwetu ni unukuzi. Kauli za Nien Nunb ni chache, zote zaweza kuenea ukurasa mmoja, na bado sijaona toleo lake lililoandikwa kwa toni na urefu wa irabu kama inavyopasa, kila sentensi ikiwekwa katika lugha yake. Kazi hiyo yahitaji msemaji wa Kigikuyu na msemaji wa Kikalenjin waketi pamoja mbele ya picha moja. Vijana wa duka lile walikwisha kuianza. Walikomea katika sentensi ya nne, umeme ulipokatika.