Kifungo cha Nje na Kalenda ya Mwezi: Hoja kuhusu Wavuvi wa Kigoma

Miongoni mwa wanaotetea gereza katika mikoa ya mpakani, dai moja limerudiwa hadi likachukuliwa kuwa ukweli: kwamba kifungo cha nje, yaani huduma kwa jamii badala ya gereza, kinamfaa mtu mwenye makazi ya kudumu, mkulima wa Kasulu au karani wa mjini, si mvuvi. Mvuvi, wanasema, leo yupo mwalo wa Kibirizi na kesho Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika; ukimwachia afagie zahanati, usiku atapanda mtumbwi na hutamwona tena. Basi apelekwe gereza la Bangwe. Makala haya yanalipinga dai hilo kwa kutazama dagaa wanavyovuliwa.

Kuhusu sheria yenyewe hakuna ugomvi mkubwa. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya Tanzania ya 2002 inairuhusu mahakama kumwamuru mkosaji afanye kazi ya umma bila malipo pale ambapo kifungo chake kisingezidi miaka mitatu. Kenya ilipitisha ya kwake 1998 na Uganda 2000, baada ya Zimbabwe kuonyesha njia mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ugomvi upo kwenye sababu. Wapo wanaoitetea huduma kwa jamii kwa kusema kwamba gereza ni la mkoloni, na hivyo adhabu ya nje inaturudisha kwetu. Hoja hiyo haina miguu. Mjerumani aliyetuletea gereza ndiye aliyewafunga watu mnyororo shingoni na kuwafanyisha kazi barabarani, mbele ya jamii nzima. Adhabu haiwi yetu kwa kuwa tu imetolewa hadharani. Nzito zaidi ni hofu ya mwanasosholojia Stanley Cohen, ambaye katika kitabu chake cha 1985 alionya kwamba adhabu za nje hutanua wavu wa dola na kubana matundu yake, zikanasa hata wale ambao zamani wangeachiwa kwa onyo. Mtu wa Kigoma hahitaji kufafanuliwa madhara ya matundu madogo. Na kwa jirani zetu Rwanda, kazi za manufaa ya umma zilizoanza 2005 kwa waliohukumiwa na mahakama za gacaca ziliwapeleka wengi katika kambi za kazi, mbali na vijiji vyao. Kwa hiyo naikubali hofu ya Cohen, ila kwa sharti moja: jibu lake ni kumwacha mkosaji kwake, kwenye kazi yake.

Na kazi hiyo ina ratiba. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za sola, na taa huwavuta vizuri palipo na giza. Mbalamwezi ikitanda, samaki hutawanyika, mafuta huliwa bure, na vyombo hupumzishwa. Takribani wiki moja hadi siku kumi kila mwezi, mialo kama Katonga hujaa wanaume wanaoshona nyavu, kuziba mitumbwi, kulala na kusubiri. Siku hizo hurudi kila mwezi, na kila mtu mwaloni anazijua kabla hazijafika. Amri ya mahakama inayomtaka mvuvi afike kazini kila asubuhi ya juma inampokonya usiku wa giza, yaani kipato chake chote, kwa kuwa yeye hulipwa kwa mgao wa samaki waliopatikana. Anayetoroka amri ya namna hiyo ametoroka njaa. Amri ileile ikihesabiwa kwa saa na kupangwa katika siku za mbalamwezi haimgharimu hata usiku mmoja wa uvuvi.

Dai la kwamba mvuvi hana makazi linapuuza jambo jingine: hakuna anayevua dagaa peke yake. Chombo kina mwenyewe, kina leseni, kina wavuvi wanaogawana; asiyetokea huulizwa usiku uleule. Kuhama kufuata samaki kupo, lakini huhama kundi zima, na mwaloni hujulikana limekwenda wapi.

Vipi kuhusu ng'ambo? Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilifunga uvuvi kwa pamoja katika ziwa hili. Nchi zinazoweza kukubaliana kuhusu samaki zinaweza kukubaliana kuhusu orodha ya watu wenye amri za mahakama.

Hoja yangu haimgusi mgeni aliyefungwa kwa kosa la uhamiaji, wala mahabusu, ambao kwa miaka mingi wamekaribia nusu ya waliomo magerezani nchini. Mahabusu wanahitaji dhamana. Inamhusu kijana aliyekamatwa na kokoro (wavu haramu) la mtu mwingine, akashindwa faini, akaingia ndani huku mwenye chombo akitafuta mwingine wa kushika nafasi yake.

Linabaki swali la msimamizi. Vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya mialo vinamjua kila mtu, lakini baadhi ya viongozi wake ni wenye vyombo, na mkosaji asiyelipwa ni kishawishi kikubwa. Wao wathibitishe tu kwamba yupo. Kazi aipange mganga wa zahanati au mwalimu mkuu, saa zihesabiwe na afisa wa uangalizi, na kamati ya wilaya ya huduma kwa jamii iipatie kila amri inayomhusu mvuvi tarehe zake za mbalamwezi kabla hakimu hajaisaini.